MAONI YETU: ANAYEZUIA UDONGO NAYE ALIPWE



Mkutano mkuu unakaribia. Jambo moja litakaloletwa mbele yenu ni ombi la ushirika wetu kwa Halmashauri juu ya fedha za kilimo. Wako wenzetu wanaotaka tuombe mbolea, basi. Sisi wa gazeti hili la ukutani tunasema mbolea tuiombe, lakini tuombe pia fedha ya kuzuia udongo usituhame. Hapa tunaeleza sababu zetu, ninyi mzipime.

Kwanza tutazame tulipo. Kingolwira iko chini ya milima ya Uluguru. Wengine wetu tunalima huku chini, wengine wamepanda kulima miteremkoni kwa sababu ya uhaba wa ardhi. Mvua nayo siku hizi haina adabu. Oktoba 2022 mto Ruvu ulipungua hata watu wa Dar es Salaam wakagawiwa maji kwa zamu. Mwaka mmoja baadaye zikaja mvua za El Nino, na kufika Aprili 2024 mkoa wetu wa Morogoro ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyopigwa na mafuriko. Wataalamu wanasema joto la dunia linapozidi, mambo haya mawili yanazidi pamoja: ukame mkali na mvua za ghafla.

Sasa mvua ya namna hiyo ikikuta shamba la mteremko halina tuta wala majani, nini kinatokea? Kila mmoja wetu anajua. Udongo wa juu, ule mweusi wenye chakula cha mmea, unateremka. Mbolea uliyoinunua inateremka nao. Mwenye shamba la juu anabaki na mawe, mwenye shamba la chini anafukiwa mche wake, na mto unabeba tope. Hebu tuulizane, jamani: mfuko wa mbolea uliomwagwa kwenye mteremko mtupu umemnufaisha nani?

Hatusemi Serikali haitoi kitu. Tuseme kweli. Bajeti ya Wizara ya Kilimo ilikuwa sh. bilioni 294 mwaka 2021/22, na mwaka 2024/25 ilipita sh. trilioni 1.2. Tarehe 8 Agosti 2022, siku ya Nane Nane, Rais Samia alizindua kule Mbeya ruzuku ya mbolea, na kwa msimu ule zikatengwa sh. bilioni 150. Mfuko wa kilo 50 wa DAP au urea, ambao ulikuwa umepita laki moja, ukashuka hadi sh. 70,000 hivi. Hilo ni jambo jema.

Lakini tuta je? Kwa tuta tunapewa mawaidha. Bwana shamba anatueleza habari ya fanya juu, fanya chini, makinga maji, kutochoma moto, kuacha mabua shambani, kupanda mbaazi katikati ya mahindi na miti ukingoni. Yote ni kweli. Halafu anaondoka, na kuchimba ni juu yako. Mwenye nguvu na watoto wakubwa atachimba. Mama mjane atachimba na nani? Kibarua anataka chake jioni ileile.

Wapo watakaosema: kakopeni. Mikopo ipo. Mwaka 2021 mfuko mkubwa wa dunia wa mambo ya tabianchi, ule wa GCF, ulikubali mpango wa Benki ya CRDB wa dola milioni 200 wa kuwasaidia wakulima wa Tanzania kukabili hali ya hewa, na sehemu kubwa ya fedha hizo ni za kukopesha. Halmashauri nazo zina ile asilimia 10 ya mapato yake kwa ajili ya vikundi vya kina mama, vijana na wenye ulemavu. Mkopo si kitu kibaya kwa anayenunua pampu au kuku, kwa kuwa hela inarudi upesi. Tuta halirudishi upesi. Mwaka wa kwanza unaweza hata kuvuna pungufu, maana umegeuza udongo mwekundu wa chini ukauweka juu. Faida inakuja mwaka wa pili au wa tatu. Ukikopa kwa kazi hiyo umejitia kitanzi mwenyewe.

Na tusisahau historia ya milima hii. Miaka ya 1950 serikali ya Mwingereza ilileta mpango wa kuhifadhi ardhi ya Uluguru, ikawalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi. Hakukuwa na malipo, na asiyechimba aliadhibiwa. Pengine udongo ulikuwa mwembamba, ngazi zikafukua ule usio na rutuba, mazao yakapungua. Julai 1955 wananchi wa Matombo wakachoka, wakaandamana, polisi wakafyatua risasi na mtu mmoja akafa. Mpango ukavunjika. Hapo tunajifunza kwamba kazi ya bure yenye amri haidumu, hata kama shabaha yake ni nzuri.

Pembeni ya hayo, nendeni Mgeta mkaone. Kule watu wana ngazi mlima mzima na wanazitunza, kwa sababu juu yake wanalima mboga zinazouzwa Morogoro mjini na Dar es Salaam. Tuta linalomlisha mwenyewe halihitaji askari.

Tena kulipwa kwa kazi hii si ndoto. Lilifanyika hapahapa Uluguru, kata ya Kibungo Juu. Kwa mradi ulioendeshwa na mashirika ya CARE na WWF kuanzia mwaka 2008 hivi, wakulima waliochimba matuta na kupanda miti walilipwa kwa kadiri ya eneo walilohifadhi. Kati ya waliotoa fedha walikuwa DAWASCO, waliokuwa wakiuza maji Dar es Salaam, na kiwanda cha soda cha Coca-Cola Kwanza. Kwa nini wauza maji wamlipe mkulima wa mlimani? Kwa sababu maji ya Ruvu yakija na tope wao ndio wanaogharamika kuyasafisha. Kasoro ni kwamba ule ulikuwa mradi, na mradi una mwisho. Sisi tunasema jambo kama hilo liwe kifungu katika bajeti ya Serikali, lisitegemee mgeni.

Yuko atakayeuliza: mtu alipwe kwa kulima shamba lake mwenyewe, huo si uvivu? Ndugu, mbolea ya ruzuku nayo inakwenda katika shamba la mtu mwenyewe, na hakuna aliyeita uvivu. Na faida ya tuta haiishii kwa mwenye tuta. Maji yetu yanaingia Ngerengere, Ngerengere inaingia Ruvu, Ruvu inanywewa mjini. Jasho ni la mmoja, faida ni ya wengi, basi na gharama igawanywe.

Kwa hiyo tunapendekeza ombi letu liwe na mambo manne.

Moja, malipo yawe kwa kazi iliyopimwa. Tuta lipimwe kwa mita, miti ihesabiwe ikiwa imeshika. Nusu ilipwe tuta likikamilika, nusu baada ya masika ya kwanza, tukiona limesimama. Hapo mjanja hapati kitu.

Mbili, fedha ije kwa wakati. Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza Julai 1. Wakati huo masika yamekwisha, udongo bado una unyevu kidogo na jembe linaingia. Fedha ikifika Desemba, vuli imeshatupita na udongo umeshaondoka.

Tatu, fedha ipitie mahali pa wazi, na orodha ya waliolipwa ibandikwe kwenye ukuta huu huu, jina na mita. Anayeona uongo auseme.

Nne, anayelima shamba la kuazima naye ahesabiwe. Wengi wetu tunalima ardhi ya ukoo wa wengine. Ukipanda mti kwenye shamba la mtu unaonekana unataka kulichukua, kwa hiyo hupandi. Wazee wa koo waitwe, waandikishane na mkulima mbele ya viongozi: miaka mingapi atalima, na miti ni ya nani. Bila hivyo fedha yote itaishia kwa wenye ardhi.

Mwisho, tusikae tukingoja. Atakayesema "nitachimba hela ikija" ajue mvua haisomi bajeti. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tunapendekeza mkutano uamue kila kikundi kichimbe shamba moja la mfano kiangazi hiki, kwa kusaidiana, tukianza na mashamba ya wajane na wazee. Kipimo cha A tunaweza kukitengeneza wenyewe kwa miti mitatu, kamba na jiwe. Na moto wa kusafishia mashamba tuuache sote, maana huo hauhitaji fedha ya mtu yeyote kuuacha.

Tukienda Halmashauri na matuta yanayoonekana kwa macho, tutakuwa tunadai. Tukienda mikono mitupu, tutakuwa tunaomba msaada. Njooni mkutanoni, mkubali au mkatae, lakini msinyamaze.

Ni sisi,
Waandishi wa Gazeti la Ukutani