Mtaji wa ng'ombe wa maziwa Mpanda uanzie sakafuni

MFANYABIASHARA anayetaka kuingiza fedha zake katika ng'ombe wa maziwa mjini Mpanda kwa kawaida huanza na swali moja: mtamba anauzwa kiasi gani? Akishajibiwa hujumlisha nauli ya lori, pumba, mashudu, dawa ya kuogeshea na mshahara wa kijana wa kukata majani, kisha hupiga hesabu na kuona faida. Katika hesabu hiyo kwato hazimo, na hapo ndipo hasara huanzia.

Mvua za Katavi huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Udongo mweusi wa mbugani ukishalowa haukauki upesi. Ng'ombe wa kienyeji huukanyaga akienda malishoni na kurudi, lakini chotara wa maziwa aliyefungiwa uani husimama usiku na mchana katika tope lililochanganyika na samadi na mkojo wake mwenyewe.

Bakteria anayehusika zaidi na kuoza kwa kwato anaitwa Fusobacterium necrophorum. Huyu hatoki mbali. Huishi tumboni mwa ng'ombe na kutoka na kinyesi, kwa hiyo kudai kwamba ugonjwa umeletwa na lori la kutoka Tabora mara nyingi ni kumsingizia dereva. Ngozi nzima haimpitishi. Husubiri ile ya katikati ya kwato ilainishwe na unyevu au ichanwe na jiwe au kisiki. Akishaingia hutoa sumu inayoua chembechembe nyeupe za damu, na nyama huanza kuoza. Mguu huvimba, katikati ya kwato hupasuka na kunuka vibaya, mnyama hupata homa na kuchechemea.

Upo ugonjwa wa pili, ulioelezwa kwa mara ya kwanza nchini Italia mwaka 1974, unaoleta kidonda chekundu chenye maumivu makali juu kidogo ya kisigino cha kwato. Huu huhusishwa na bakteria wa jamii ya Treponema wenye umbo la msokoto, na mara nyingi huingia zizini pamoja na ng'ombe aliyenunuliwa. Mnunuzi anayelipa bila kukagua miguu ya nyuma anaweza kuwa ameulipia na ugonjwa.

Hesabu yenyewe ni hii. Ng'ombe wa lita 8 kwa siku akishuka hadi lita 5 kwa siku 10, lita 30 zimepotea. Akichomwa sindano ya oksitetrasaiklini, maziwa yake hayaruhusiwi kuuzwa mpaka zipite siku zilizoandikwa kwenye chupa. Zikiwa 7, lita nyingine 35 ni za kumwaga. Jumla ni lita 65, yaani mazao ya siku 8 za ng'ombe mzima, kabla ya kulipia dawa na mtaalamu. Wapo wanaoyapeleka maziwa hayo mgahawani hivyo hivyo. Huo si ujanja wa biashara. Ni kumuuzia mteja dawa ambayo hakuiagiza.

Hasara nyingine hutokea mnadani. Ng'ombe akichechemea, haichukui muda mtu atanong'ona "miguu na midomo", na bei itaporomoka. Ugonjwa huo ni wa virusi, hautibiwi kwa sindano hiyo, na Sheria ya Magonjwa ya Mifugo ya mwaka 2003 inataka magonjwa ya aina hiyo yatolewe taarifa. Ukithibitika, karantini hufunga minada na wote hupata hasara, hata wenye mifugo mizima. Lakini ng'ombe wa miguu na midomo hutokwa mate mengi, huwa na malengelenge mdomoni, na kwa kawaida huugua wengi kwa mpigo. Kuoza kwa kwato mara nyingi hushika mguu mmoja na mdomo hubaki safi. Kumfungua mnyama mdomo hakumalizi dakika mbili, na penye shaka afisa mifugo aitwe kabla fedha hazijabadilishana mikono. Muuzaji anayeficha malengelenge kwa kisingizio cha "tope tu" anawaponza wenzake wote.

Kinga haihitaji maabara. Ni sakafu yenye mteremko, samadi inayoondolewa kila siku, na josho dogo la miguu lenye mrututu, kilo 1 kwa lita 20 za maji, linalobadilishwa likichafuka. Maji hayo yasimwagwe penye kunywesha mifugo, kwani mrututu ni sumu, hasa kwa kondoo. Hata zege peke yake si dawa: pembezoni mwa Nairobi, ambako wafugaji wadogo wamefungia ng'ombe wao kwa miaka mingi, watafiti walikuta kasoro nyingi za kwato katika mabanda ya zege yasiyosafishwa mara kwa mara.

Itasemwa kuwa saruji ni ghali. Ni kweli, lakini mtamba ni ghali zaidi. Mwenye fedha ya mitamba wawili anunue mmoja kabla ya Novemba, fedha ya wa pili iende kwenye mawe, changarawe na saruji, na huyo wa pili asubiri hadi Mei.