Haki Isiyongoja Kesho

Waswahili husema: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Usemi huu una hekima yake. Lakini kati ya yaliyopita na yajayo yapo yaliyopo, na hayo ndiyo tunayoyasahau.

Waislamu wa Afrika Mashariki tunapenda kuitaja Kilwa, na tuna haki ya kufanya hivyo. Ibn Battuta alifika huko mwaka 1331, akamsifu Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyepewa lakabu ya Abul-Mawahib kwa wingi wa utoaji wake. Magofu ya Msikiti Mkuu yangalipo Kilwa Kisiwani hadi leo. Hata hivyo, fahari ya karne ya 14 haimnunulii mkeka mtoto anayesoma juzuu juu ya sakafu tupu katika madrasa ya mtaa wetu. Sultani alitoa chake katika zama zake. Chetu je?

Wapo pia wanaoishi kesho. Utawasikia wakisema: nikipata kiinua mgongo nitalipa deni la watu, mirathi ya marehemu tutaigawa mambo yakitulia. Miaka hupita, mambo hayatulii, na yatima hukua akawa mtu mzima bila kuiona haki yake. Hatusemi kwamba kupanga ni kosa. Anayeweka akiba ya Hija leo anatenda kazi ya leo. Kosa ni kuifanya kesho kuwa kisingizio cha kuzuia kilicho wajibu sasa.

Tuzingatie jinsi maulamaa walivyoieleza toba. Masharti yake ni matatu: kulijutia kosa, kuazimia kutolirudia, na kuliacha papo hapo, na ikiwa lahusu haki ya mja, arudishiwe mwenyewe. Majuto hutazama jana, azma hutazama kesho, lakini kuacha hakuna wakati wake ila sasa. Asiyeacha, majuto yake ni huzuni tupu na azma yake ni ahadi ya mdomo.

Swala nazo zinatufunza hayo hayo mara tano kila siku. Hakuna awezaye kuiswali leo Adhuhuri ya kesho, na anayeichelewesha ya leo bila udhuru hujibebesha dhambi.

Basi, ndugu zetu katika imani, wito wetu ni mfupi. Leo, kabla jua halijazama, kila mmoja wetu aikumbuke haki moja aliyoichelewesha, aianze. Mwenye deni amwendee anayemdai, hata kama alichonacho ni kidogo. Wanaoshikilia mirathi wawaite warithi. Na kamati ya msikiti inunue mikeka miwili kwa kilichomo sandukuni, badala ya kungoja mfadhili wa mikeka mia.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe yaliyopita, atutengenezee yajayo, na atupe nguvu ya kuyatekeleza yaliyo mikononi mwetu. Amin.