Mambo ya Kale: Kitinda Mimba na Urithi wa Ardhi

Wanormandi walipovuka bahari kutoka Ufaransa na kuiteka Uingereza mwaka 1066, wakuu wao waligawiwa nchi ile ngome kwa ngome. Hata baada ya muda ikathibiti miongoni mwao desturi ya kumrithisha kifungua mimba ardhi yote. Sababu ilikuwa vita. Mwenye ardhi alipaswa kumpelekea mfalme askari wapanda farasi kwa idadi iliyowekwa, na ardhi iliyokatwa vipande isingeweza kuwalisha. Basi ardhi ilibaki nzima, na wana wadogo wakaenda kujitafutia.

Mmoja wao alikuwa Gerald de Barri, aliyezaliwa Manorbier katika nchi ya Wales yapata mwaka 1146, kitinda mimba wa mkuu wa Kinormandi. Yeye mwenyewe ameandika kwamba kaka zake walipocheza mchangani walijenga ngome na miji, bali yeye alijenga makanisa. Baba yake akafurahi, akamwita askofu wake. Huenda mzee yule alifurahi zaidi kwa kuwa Kanisa halikudai ardhi yake. Gerald akawa padri na mwandishi mashuhuri, lakini uaskofu wa St David's, alioupigania kwa miaka mingi, hakuupata.

Ngome zile zilibomoka, desturi ikabaki, na karne nyingi baadaye ikawafikisha watu Bonde la Ufa. Galbraith Cole, aliyefuga kondoo Elmenteita, alikuwa mwana wa Earl wa Enniskillen, wala hakuwa kifungua mimba. Aliyefanana na Gerald zaidi ni Lord Francis Scott, aliyezaliwa mwaka 1879, mwana wa sita na wa mwisho wa Duke wa Buccleuch. Baba yake alikuwa miongoni mwa wenye ardhi kubwa kabisa katika Uskoti, lakini cheo na mashamba vilikuwa vya kaka mkubwa. Kitinda mimba akaingia jeshini, akatumika India, na mwaka 1914 akajeruhiwa mguu vitani. Mwaka 1919 Serikali ilipowagawia mashamba askari wa Kizungu waliotoka vitani, alikuja kukaa Rongai, magharibi ya Nakuru, akajenga nyumba kubwa ya Deloraine. Lord Delamere alipofariki mwaka 1931, Lord Francis akawa kiongozi wa wajumbe wa Kizungu katika Baraza la Kutunga Sheria.

Ardhi hiyo ilikuwa na wenyewe. Kwa mapatano ya mwaka 1904 Wamasai walikuwa wamekwisha kuondolewa katika sehemu hizo za Bonde ili kuwapisha walowezi. Nao Waafrika waliobeba mizigo na bunduki katika vita ile ile hawakugawiwa mashamba hayo. Kwa hiyo ardhi ambayo kitinda mimba aliikosa kwa baba yake, aliilipwa katika malisho ya watu wengine. Na watu hao, aghalabu, humwachia kitinda mimba ng'ombe wa nyumba ya mama yake.

Lord Francis alifariki mwaka 1952 bila kuacha mwana wa kiume. Aliyeendelea kulima Deloraine ni binti yake, Pamela, jambo ambalo desturi ya Wanormandi isingelipenda endapo angalikuwa na kaka.

Baada ya uhuru mashamba mengi ya walowezi yalinunuliwa na vyama na makampuni ya wananchi, yakakatwa. Tangu tarehe 1 Julai 1981 Sheria ya Urithi imekuwa ikitumika, na katika Nakuru mtu akifa bila wosia watoto wake hupata mafungu sawa, awe wa kwanza au wa mwisho, wa kiume au wa kike. Mjane akiwapo, yeye huendelea kuitumia mali maishani mwake. Haki hiyo haina ubishi. Lakini na ihesabiwe: mzee wa Njoro mwenye ekari 12 na watoto sita humwachia kila mmoja ekari mbili, nao wakizaa wanne wanne, kila mjukuu atapata nusu ekari, na humo ndimo atakamojenga, atakamolima mahindi na kumfunga ng'ombe wake.