Segera: Kompyuta iuzwe, daftari la madeni libaki

Mfanyabiashara wa Segera, njia panda ya Tanga na Moshi, anayeuza kompyuta yake ya mkononi kwa kuwa imekuwa nzito, huenda anajitia hasara. Mara nyingi kinachochelewesha ni diski ya kuzunguka, isomayo megabaiti 100 hivi kwa sekunde. SSD ya kawaida hufikia 500. Kubadili diski kwa kawaida ni nafuu kuliko kununua mashine mpya.

Anayeshikilia kuuza na atoe kwanza diski ya zamani. Kufuta mafaili hakutoshi: yanaweza kufufuliwa, pamoja na majina ya wadaiwa na bei za jumla. Wateja hao wanalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Bei ikipungua kidogo, itafidiwa. Siri ya duka ikishatoka, hairudi.