Maradhi ya Zinaa Hayatibiwi na Mtu Mmoja

Tangu Uhuru wa mwaka 1961 tumezoea kuwataja maadui watatu wa taifa letu: umaskini, ujinga na maradhi. Lakini katika maradhi yako tunayoyataja hadharani, kama malaria na kipindupindu, na yako tunayoyanong'ona. Kaswende, kisonono na maradhi mengine ya zinaa yamo katika kundi hili la pili. Na kwa sababu hiyo adui huyu hupigana nasi akiwa amejificha ndani ya nyumba zetu wenyewe.

Leo tunataka kusema jambo moja. Maradhi haya hayatibiwi na mtu mmoja. Yamo kwa watu wawili, na hayatoki mpaka wote wawili watibiwe.

Tutazame mambo yanavyokwenda. Mfanyakazi anaona usaha na kusikia maumivu anapokojoa. Anaona haya kwenda zahanati, basi hununua vidonge dukani, au hudungwa sindano uchochoroni na mtu asiyejulikana alisomea wapi. Maumivu yakipungua, vidonge vilivyobaki huvitupa. Nyumbani hasemi neno. Mkewe hubaki na vijidudu bila kujua, kwa kuwa wanawake wengi wenye kisonono hawaoni dalili yoyote. Baada ya majuma machache mume anaugua tena, na hapo lawama humwangukia mke. Hatusemi kwamba daima mume ndiye chanzo. Tunasema kwamba siri ya mmoja huwa adhabu ya wawili, na mara nyingi anayepigwa na kufukuzwa ni yule asiyekuwa na habari.

Kaswende ni hatari kwa namna yake. Kidonda chake cha kwanza hakiumi, nacho hutoweka chenyewe, mgonjwa akadhani amepona. Kumbe ugonjwa umo mwilini, na miaka mingi baadaye waweza kuharibu moyo, macho na ubongo. Mama mjamzito akiwa nao, mtoto huweza kufia tumboni au kuzaliwa mgonjwa. Yote haya yaweza kuzuiwa kwa kupima damu kliniki na kudungwa penisilini, dawa iliyoanza kutibu kaswende mwaka 1943 na ambayo mpaka leo inaiponya. Kisonono, kwa upande wake, kimekwisha kuwa sugu kwa dawa nyingi za zamani, na sababu mojawapo ni mazoea ya kumeza nusu ya dozi.

Nchi yetu yenyewe imetoa ushahidi kwamba zahanati ya kawaida inaweza kazi hii. Kati ya mwaka 1991 na 1994, katika vijiji vya Mkoa wa Mwanza, jamii 12 zilifuatiliwa. Katika sita, wauguzi na waganga wa zahanati walifundishwa kutibu maradhi ya zinaa, na dawa zikapelekwa bila kukosekana. Baada ya miaka miwili, maambukizo mapya ya virusi vya UKIMWI yalikuwa asilimia 1.2 penye huduma hiyo, na asilimia 1.9 pasipo nayo. Ni kweli kwamba huko Rakai, nchini Uganda, ambako dawa ziligawiwa kwa watu wote nyumba hadi nyumba, punguzo kama hilo halikuonekana. Kwa hiyo hatudai kwamba dawa ya kisonono ni ngao ya UKIMWI. Tunachosema ni kwamba huduma iliyo karibu, ya kudumu na yenye heshima huleta faida.

Lakini kazi ya muuguzi huishia mlangoni pa zahanati. Ya nyumbani ni yetu. Mwenye dawa na azimalize zote, hata kama maumivu yamekwisha. Mume na mke waende pamoja, na wajiepushe na tendo la ndoa mpaka wote wawili wamalize matibabu na kuruhusiwa na mtaalamu. Asiyepatana na penisilini amwambie muuguzi kabla ya kudungwa. Mama asijioshe ndani kwa sabuni wala kujitia majani, maana hayo huzidisha madhara. Anayemwuguza mgonjwa anawe mikono kwa sabuni kabla na baada ya kumhudumia, avae glavu penye damu au usaha, wala wasichangie wembe. Lakini kula naye sahani moja, kumshika mkono na kukaa naye hakuambukizi kaswende, kisonono wala UKIMWI. Kumtenga si kinga, ni ukatili.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni aibu kuandikwa katika gazeti la Chama. Tunawajibu kwamba wahenga walikwisha kusema: mficha maradhi kifo humuumbua. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, wananchi waliketi katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadili choo na maji machafu bila haya, kisha wakachimba vyoo. Choo nacho kilikuwa jambo la kuonewa aibu.

Basi tunawaomba viongozi wa matawi na mashina wawaalike wauguzi waje kusema na wanachama, wanaume kwa wanawake. Vyama vya wafanyakazi vidai mfanyakazi aruhusiwe kwenda kliniki na mwenzake bila kuulizwa ugonjwa wake mbele ya watu. Nao wahudumu wa zahanati watunze siri, kwani neno moja la dhihaka dirishani huwarudisha wagonjwa wengi uchochoroni.

Na wewe, ndugu msomaji, ikiwa unazo dalili hizi, usiende peke yako. Mshike mwenzako mkono, mwende wote wawili.