Asilimia 5 ya mfanyakazi inafika wapi?

Kwa ajili ya pensheni mfanyakazi anakatwa asilimia 5 ya mshahara, mwajiri naye anaongeza asilimia 5 yake, na zote zinapaswa kufika CNSS. Mwajiri akikata bila kupeleka, mzee wa miaka 60 atafika dirishani na kukuta michango yake haipo. Sisi tunaita hiyo wizi wa mshahara (someni Yakobo 5:4). Lubumbashi inawajua wazee wa Gécamines walioondolewa kuanzia 2003, walivyodai haki zao miaka na miaka. Basi ulizeni CNSS mapema, na mtunze kila karatasi ya mshahara.

Makanisa nayo ni waajiri. Mlinzi wa usiku, karani, mpishi wa shule: tumewaandikisha wangapi? Au tunawaita watumishi wa Mungu ili tusiwalipie?