Sinunui Kiwanja

Ukipata ajira ya kwanza Dar es Salaam, mshahara wa tatu hauingii kabla mtu hajakuuliza kama umeshachukua kiwanja. Atakuuliza mjomba msibani, atakuuliza mwenzako kazini, atakuuliza dalali ambaye hujui namba yako kaipata wapi. Ukisema bado, unaangaliwa kama mtu ambaye hela yake yote inaishia baa. "Ardhi haiozi," wanakwambia. Kweli, haiozi. Lakini inaliwa, na walaji wake wakubwa si wale maskini wa Tandale tuliozoea kuwasema. Ni sisi wenye shahada, tunaochukua nusu eka Chanika kwa mkopo wa kazini na kuizungushia ukuta.

Mimi ni mpangaji, chumba na sebule, Sinza, na sinunui kiwanja. Nimepiga hesabu.

Sensa ya 1967 ilikuta Dar es Salaam mjini ina watu 272,821. Ile ya 2012 ikakuta mkoa una watu 4,364,541, na ya 2022 ikakuta 5,383,728. Ndani ya miaka kumi tumeongezeka zaidi ya milioni moja. Sasa tuseme hao walioongezeka wakae wannewanne, na kila kaya ipewe kile tunachoambiwa kila mtu mzima lazima awe nacho: kiwanja cha mita 20 kwa 20. Hizo ni kilomita za mraba mia moja na ushee, na hapo hujaweka barabara, shule, soko, zahanati wala makaburi. Nchi kavu ya mkoa mzima haifiki kilomita za mraba 1,400. Rudia zoezi hilo muongo baada ya muongo uone utaishia wapi. Dalali ameshafika huko. Siku hizi anauza Mapinga na Vikindu, ambako ni mkoa wa Pwani, na bado kwenye tangazo anaandika "Dar".

Jiji hili lilitanuka kwanza kwa kufuata barabara nne: ya Bagamoyo, ya Morogoro, ya Pugu na ya Kilwa. Ukiliangalia kwenye ramani za zamani linafanana na mkono uliokunjua vidole. Kilichotokea baadaye ni kujaza nafasi kati ya kidole na kidole, na huko ndiko yalikokuwa mashamba. Goba, Madale, Kinyerezi: watu wa makamo wanapakumbuka kwa mihogo, miembe na mikorosho. Utaratibu wa kuyala unajulikana. Mwenye shamba ana mgonjwa au ada ya mtoto, anakata kipande. Mnunuzi anakuja na dalali, wanapima kwa hatua, ishirini kwa ishirini, ofisi ya serikali ya mtaa inagonga muhuri na kuchukua chake. Linasimama pagale. Pagale linakaa miaka saba. Halafu zinakuja nguzo za umeme, bodaboda, boza la maji, na mwisho kabisa, watu wakishahamia, wanakuja wapimaji na zoezi la urasimishaji. Njia ya mtaa ni ule upenyo ambao kuta mbili zimeshindwa kuumaliza. Gari la zimamoto likiitwa linaishia kwa mangi.

Usiniambie tatizo ni kukosa mipango. Mipango tumekuwa nayo: mpango kabambe wa 1949, wa 1968, wa 1979. Baada ya huo wa 1979 jiji likakaa zaidi ya miaka thelathini bila mwingine, ni kweli, na hiyo ni aibu ya serikali. Lakini hata palipopangwa tumekula vilevile. Miaka ya 2000 mwanzoni ulikuja mradi wa viwanja 20,000. Wakulima wa Bunju, Kibada, Tuangoma na kwingineko wakalipwa fidia, ardhi ikapimwa vizuri, barabara zikachongwa. Waliochukua viwanja wengi walikuwa watu wenye kipato cha uhakika, na miaka mingi baadaye ungekuta vingine bado ni vichaka vinasubiri bei ipande. Na wale wakulima? Wengine walichukua fidia yao wakasogea mbele zaidi, kwenye shamba jingine, wakaanza kukata vipande. Mradi wa kupanga mji ukauzaa mji mwingine usiopangwa mbele yake.

Ndiyo maana silipendi hili neno "holela". Halimgusi kamwe mwenye geti la umeme. Linawekwa Manzese na Tandale, mahali ambapo, tukipima kwa matumizi ya ardhi tu, watu wana adabu kutuzidi. Chukua nyumba ya Kiswahili: vyumba sita, vitatu huku vitatu kule, korido katikati, jiko na choo uani. Kiwanja cha mita za mraba mia nne kinahifadhi kaya sita, pengine na fremu ya duka mbele. Ile nusu eka yako ya Chanika ni mita za mraba kama elfu mbili. Ingebeba nyumba tano za namna hiyo, kaya thelathini. Wewe umeweka moja, mbwa wawili na nyasi za mapambo. Sisemi tuishi saba chumba kimoja tukipanga foleni ya choo. Nasema tuache kumwita mwenzetu mvamizi.

Halafu kuna maji. Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, unashuka Kinyerezi, unapita Vingunguti na Kigogo, unatokea Jangwani. Kila shamba la juu linalogeuka bati na sakafu ya saruji linapeleka chini mvua ambayo zamani ingenyonywa na mchanga. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu bondeni, na walionusurika tukawalaumu kwa kujenga mabondeni. Serikali ikawapeleka Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Dawa ya mafuriko ikawa viwanja vingine, mbali zaidi, porini.

Najua jibu mlilonalo mdomoni, maana nami ninaishi nalo: mwenye nyumba. Anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, mwingine ya mwaka. Anapandisha akijisikia. Anakukataza wageni, anakuuliza unaolewa lini. Nani asiyetaka kwake? Hapo hatubishani. Lakini ona tulivyolimaliza jambo hilo. Tulikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, ya mwaka 1984; ikafutwa 2005, na kizazi chetu hakikupiga hata kelele. Hasira yote ambayo ingeweza kudai sheria mpya tumeigeuza akiba ya tofali. Kila mmoja anajikomboa peke yake, kilomita thelathini na tano kutoka kazini, na anaamka saa kumi alfajiri ili aufurahie uhuru wake ndani ya daladala.

Na kujenga kwenda juu, katikati ya mji, kwa ajili ya watu wa kawaida, si ndoto. Kaya 644 za kota za zamani za Magomeni zilihamishwa, zikateseka kusubiri miaka mingi, na mwaka 2022 zikakabidhiwa maghorofa palepale Magomeni, bila kung'oa mkorosho hata mmoja. Mwendokasi unapita jirani. Panda basi lake kutoka Kimara hadi Kivukoni uhesabu nyumba za chini zinazopakana na barabara ile ya mabilioni.

Kwa hiyo mjomba, na wewe dalali, mkiniuliza tena, nina maswali yangu kwanza. Kwa nini kodi ya nyumba isilipwe kwa mwezi, kisheria, wakati mshahara unalipwa kwa mwezi? Kwa nini hati inamtaka mtu aendeleze kiwanja ndani ya muda uliowekwa, na vichaka vya Kibada havijawahi kumnyima mtu usingizi? Na hicho kiwanja cha Mapinga unachoniuzia, shule ya msingi ya watoto wa mtaa huo itakaa wapi, maana nimeona ramani uliyonitumia na kila kipande kina namba ya mnunuzi?